Pensheni ya Damascène

Shyaka alipewa ukarani kwa sababu moja tu: alijua kuandika, na waliokuwa wakiandika pale kabla yake wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia Zaire, wengine wako ndani. Hakuna aliyemuuliza anajua nini kuhusu malipo ya watu walioumia kazini. Walimwonyesha chumba, wakampa ufunguo wa mlango ambao kitasa chake kilishang'olewa, wakamwambia, "Haya, anza."

Aanze na nini, jamani? Mafaili yalikuwa sakafuni, yamekanyagwa na buti, mengine yameloa kwa mvua iliyoingia kwenye dirisha lisilo na kioo. Ilikuwa Septemba ya mwaka wa tisini na nne, na Kigali bado ilikuwa inanuka. Watu walipita wameziba pua na hawakusema inanuka nini. Shyaka naye hakuuliza. Aliinama akaanza kuokota karatasi moja moja na kuzianika kwenye kamba.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amezaliwa Muheza, Tanzania, kwenye kambi ya shamba la mkonge, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Kinyarwanda alikiongea kwa kuchechemea mpaka wauza nyanya walimcheka. Kifaransa ndiyo kabisa, hata cha kuomba maji hakuwa nacho. Na mafaili yale yote, la kwanza mpaka la mwisho, yalikuwa ya Kifaransa.

Lakini habari ya malipo ya kuumia kazini, mwenyewe aliamini anaijua kuliko mtu yeyote. Baba yake alikatwa mkono na korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Tajiri wa shamba alikuja hospitali na karatasi yenye orodha: kidole miezi kadhaa ya mshahara, jicho miezi kadhaa, mkono wa kulia miezi kadhaa. Wakapiga hesabu pale pale kitandani. Baba akabandika dole gumba la mkono uliobaki chini ya maneno yaliyosema amelipwa chote na hana dai lingine milele, akapewa bahasha, basi. Mwaka haukuisha bahasha ikawa imekwisha, na tajiri akawa hamjui tena. Shyaka alikuwa na miaka tisa. Alichojifunza siku zile ni kwamba ukishabandika dole, mambo yako na tajiri yamekwisha, hata ulie vipi.

Na elimu hiyo ndiyo aliyokaa nayo nyuma ya meza siku Illuminée alipoingia.

Alikuwa mwanamke mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta la kiume lililotoboka viwiko. Alisimama mlangoni mpaka akaitwa, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Bwana kalani, mimi ni bibi ya Damascène," alisema. "Ile fundi wa kujenga, alianguka kwa ghorofa mwaka wa tisini na moja. Ubao ulivunjika. Nakuja kuuliza pesa yake kama iko."

Kwa bahati, au tuseme kwa bahati mbaya, faili la Damascène lilikuwa limeshakauka. Shyaka alilifungua. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na karatasi yenye majina ya watoto wanne. Alishika kalamu.

"Watoto wako hai?"

"Iko Umutoni."

"Na hawa watatu?"

Illuminée aliitazama kalamu. "Iko Umutoni," akarudia, kwa sauti ile ile.

Shyaka alielewa. Alivuta kistari mbele ya majina matatu, na aliona aibu kwa jinsi kistari kilivyokuwa rahisi kuvuta. Akageuza ukurasa haraka. Chini kabisa akakuta karatasi yenye mhuri, tarakimu za pesa, na alama kubwa ya dole gumba.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni ya kumuzika. Walitoa pesa ya sanduku na ya gari."

"Na hili dole ni lako?"

"Ni yangu. Kila miezi tatu nabandika. Nabandika, wananipa pesa, narudi nyumbani. Mpaka mwezi wa tatu mwaka huu."

Kila miezi mitatu! Shyaka alipekua faili zima, mbele na nyuma. Karatasi yenye dole ilikuwa moja tu. Alimtazama mama yule tena, na moyoni likaingia wazo baya: huyu anataka kulipwa mara mbili. Tangu lini mtu akafa mara moja akalipwa kila miezi mitatu? Baba yake alitoa mkono mzima akapewa bahasha moja. Angalia jinsi uchungu wa zamani unavyomfanya mtu kipofu. Badala ya kusema labda huku kwao wana utaratibu mwingine, yeye aliona anadanganywa.

Hata hivyo alikwenda kuuliza, tumpe haki yake. Mkuu wa ofisi alikuwa Mutesi, mwanamke aliyekulia Kampala, hodari wa kazi, ambaye wiki ile nzima alikuwa anagombana na watu kuhusu jenereta. Aliiangalia ile karatasi akiwa amesimama.

"Si ameweka dole? Kwetu Uganda tajiri analipa mara moja, unasaini, mnaachana," alisema. "Funga faili, Shyaka. Mezani kuna mia tatu yanangoja."

Kampala na Muheza zikakubaliana, na wote wawili hawakujua Kifaransa. Shyaka akarudi kwenye kiti chake.

"Mama Umutoni, pole sana. Ulishalipwa. Dai lako lilikwisha siku ile uliyobandika dole."

Illuminée hakupiga kelele. Nani mwaka ule angebishana na mtu mwenye mhuri? Aliuvuta uzi kwenye sweta, halafu akaanza kusema kama anayejieleza kosa lake mwenyewe.

"Mimi napanga chumba Nyakabanda, kwa fundi cherehani. Amesema atanivumilia kidogo tu. Na iko mwanaume wa Kabuga ananitaka. Ameshatuma watu mara mbili. Sio mubaya. Lakini mimi sitaki mwanaume, bwana kalani. Kwa vile nimeona, sitaki. Nataka nilale na mtoto wangu, mulango umefungwa, funguo iko kwangu. Ile pesa inatosha chumba na chumvi. Ile tu."

"Nenda komini, ofisi ya serikali ya eneo lako," Shyaka alimjibu. "Nasikia wanagawa misaada."

Akapiga mhuri. Illuminée akashukuru, ndiyo, alishukuru, akatoka. Shyaka akavuta faili lingine, na mchana akala ndizi zake kama kawaida.

*

Mzee Évode alirudi kazini Desemba. Alikuwa karani wa pale kwa miaka ishirini, na tangu Aprili alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waliokufa, mpaka akatokea asubuhi moja na fimbo, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alimpa Shyaka mkono, akaangalia mafaili yaliyopangwa, akasema, "Umefanya kazi, sha, kijana wangu." Kisha akakaa kwenye kiti chake cha zamani akalia kama robo saa hivi. Alipomaliza akaomba kalamu.

Walikaa wawili, mzee anasoma, kijana anaandika. Siku ya tatu Évode alishika faili la mchimba mawe aliyevunjika mgongo, akasema, "Huyu tumtafute. Ana miezi tisa hajalipwa."

"Si alishalipwa?" Shyaka aliuliza. "Hili hapa dole lake."

"Hilo la dawa na machela. Pensheni yake ni kila miezi mitatu mpaka afe."

Shyaka alicheka kidogo. "Mzee wangu, tajiri gani atamlipa mtu mpaka afe?"

"Tajiri anatokea wapi hapa?" Évode alivua miwani. "Huko kwenu Waingereza waliacha sheria yao: umeumia, tajiri wako anakulipa kwa mkupuo, kila mtu anashika njia yake. Sisi Wabelgiji walituachia nyingine. Sisi, Burundi, Zaire, ni ile ile. Tajiri anachangia mfuko kila mwezi, mtu akiumia mfuko ndio unamlipa, kidogo kidogo, kama mshahara. Akifa, anapewa mjane na watoto. Malipo ya kila miezi mitatu hayakai humu kwenye faili, yana daftari lake kubwa. Lile lililochomwa uani. Kwani hukuambiwa?"

Hakuambiwa na mtu wa ofisi. Aliambiwa na Illuminée, waziwazi, mchana kweupe, akiwa ameketi kwenye ncha ya kiti. Shyaka aliinuka. Alikwenda kwenye rafu ya mafaili yaliyofungwa, akalivuta la Damascène, akaliweka mbele ya mzee.

Évode alisoma taratibu. "Hii ni pesa ya mazishi," alisema. Akaugusa mhuri mwekundu wa kufunga faili. "Na huu nani ameupiga?"

"Mimi."

Mzee hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alichukua fomu ya kufungua upya pensheni akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, jina la marehemu, tarehe ya kifo, jina la mjane. Akabakiza mistari mitatu. Shyaka alimwomba amsomee. Mjane yuko hai? Anaishi wapi? Hajaolewa tena?

"Huo wa tatu ndio wenye kesi," Évode alisema. "Akiolewa kwa serikali, fungu lake linakatika siku hiyo hiyo, hata la miezi ya nyuma ambalo hajalichukua. La mtoto linaendelea, lakini ni dogo. Sasa kimbia, kijana. Muombe Mungu awe bado Nyakabanda."

Alikimbia kweli. Fundi cherehani wa Nyakabanda alikuwa barazani anapindisha sketi za shule. Aliposikia jina la Illuminée alisimamisha cherehani.

"Alihama," alisema. "Na usiniangalie hivyo, mimi sikumfukuza. Nilimvumilia Septemba, nikamvumilia Oktoba. Mwenyewe aliona aibu. Aliniambia pesa ya mume wake imekwisha, serikali imemwambia. Akamfungia mtoto vitu vyake kwenye shuka, wakaenda Kabuga."

*

Kesho yake Shyaka alipata lifti pale njiapanda ya Sonatubes, juu ya gari la magunia matupu, akafika Kabuga saa nne asubuhi. Njia nzima alikuwa anajipa moyo. Kwenda kwa mtu sio kuolewa. Mwaka huu nani ana nafasi ya kwenda komini kuandikishana ndoa? Watu wanaingia tu ndani wanaishi. Kama hawajaandikishwa, fomu itasema kweli, pesa itatoka, na yeye mwenyewe Shyaka atamtafutia chumba, atambebea hata kitanda.

Nzeyimana, yule mwanaume wa Kabuga, alikuwa na duka la chumvi na sabuni karibu na soko. Shyaka alikuwa amejiandaa kukutana na jitu baya. Alikuta mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, aliyerudi kutoka Burundi, mjane naye, mwenye kikohozi. Alimpa kiti kabla hata hajajua shida yake. Alipoelezwa, aliguna.

"Najua hiyo pensheni. Kwetu Burundi iko vile vile, mama yangu alikula pesa ya baba mpaka siku alikufa. Illuminée aliniambia yake ilikwisha. Mimi nilifikiri, labda hapa kwao inakwisha mapema." Akaita ndani. Kisha, kwa adabu, akatoka nje akasimama na wateja wake, akawaachia chumba.

Illuminée alikuja akifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, na amevaa kitenge kizima. Alimtambua papo hapo, akabaki amesimama.

Shyaka alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yalimpotea. "Mama Umutoni, nilikosea," alisema. "Dole lile lilikuwa la mazishi, kama ulivyosema. Pensheni yako ipo. Ilikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyekufukuza kwenye haki yako."

"Iko," alisema Illuminée.

"Ipo. Nimekuja na fomu. Niambie tu, hamjaandikishwa komini, sivyo?"

Mwanamke alikaa chini kwenye gunia la chumvi. Nje Nzeyimana alikuwa anakohoa.

"Wiki tatu imepita," alisema. "Burugumesta, ule mukubwa wa komini, aliandika ndoa saba siku moja. Wakigawa unga, mwanamuke hana mutu wanamuita wa mwisho, na unga imekwisha. Nzeyimana akasema, twende tuandikwe, mtoto apate kula. Nikaenda. Ningekataa kwa sababu gani? Pesa ya Damascène ilikuwa imekwisha."

Wiki tatu! Shyaka aliishika fomu kwa mikono miwili. Hasira ilimpanda na hakuna pa kuipeleka ila kwake mwenyewe. Akasogeza kiti karibu, akanong'ona.

"Sikiliza, mama. Rejista za komini hazifiki ofisini kwetu. Hakuna anayelinganisha. Bandika dole hapa kwamba hujaolewa. Mimi sitauliza, na mzee Évode hatauliza. Pesa itatoka, utapanga chumba chako, utafunga mlango wako."

Alifungua kidau cha wino akakiweka juu ya gunia. Illuminée alikitazama muda mrefu, na Shyaka aliona kabisa kwamba anakitaka. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka.

Ukarudi chini.

"Hapana."

"Kwa nini? Ni haki yako!"

"Mwanangu, wewe hukuwa hapa mwezi wa nne," alisema. "Sisi watu walikuwa wanatuomba karatasi. Barabarani, na panga mkononi, wanaomba karatasi, wanasoma kabila gani imeandikwa. Watoto wangu watatu walikufa sababu ya kitu kiliandikwa. Mimi sitaandikwa vitu viwili tena. Komini inasema nimeolewa, yako inasema sijaolewa, siku moja iko mutu atazisoma zote mbili. Sitaki. Andika ile iko kweli."

Shyaka alimsihi. Alisema nchi imebadilika, alisema ataibeba lawama yeye, alisema mpaka sauti ikamkauka. Illuminée alikuwa anatikisa kichwa tu, bila hasira, mpaka ikabidi anyamaze achukue kalamu. Kwenye mstari wa tatu akaandika: ameolewa. Akaandika na tarehe.

"Ya Umutoni inabaki?"

"Inabaki. Inafunguliwa faili jipya, kwa jina la mlezi."

"Mulezi ni nani?"

Shyaka alitazama mlangoni, kwenye mgongo wa mtu aliyekuwa anapima chumvi. Illuminée alifuata macho yake, akaelewa kwamba kwa sheria mlezi ni mume.

"Na jina ya Damascène?"

"Linabaki kwenye lile la zamani."

"Ile unawekaga wapi?"

"Chini, mama. Kwenye stoo."

Hapo ndipo alipolia. Mbele ya vistari vitatu vya watoto wake hakulia, na siku alipofukuzwa hakulia. Alilia sasa, kimya, ameuma ncha ya kitenge ili mtu wa nje asimsikie.

"Ile pesa haikuwa nyingi," alisema. "Lakini ilikuwa ya kwake. Nikinunua kitu kwa Umutoni namuambia, baba yako ametuma. Kila miezi tatu alikuwa anatuma. Watu wengine walikufa wakakufa. Yeye alikuwa bado anatulisha." Akajifuta uso. "Lete wino."

Alibandika dole. Halikushika vizuri kwa sababu ya machozi, Shyaka akamwomba arudie, akarudia. Nzeyimana aliingia akauliza kama mambo yamekwisha salama. Illuminée akamjibu kwamba yamekwisha, mtoto atapata kidogo. Mzee wa watu alifurahi kweli, akamfungia Shyaka sabuni mbili kwenye gazeti, za njiani. Shyaka hakujua azikataeje, akazipokea.

Illuminée alimsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Walisimama wakingoja gari. Shyaka alifungua mdomo aombe msamaha tena, akamzuia kwa mkono wenye wino.

"Usirudi hapa," alimwambia. "Fungu ya mtoto, mutume mutu mwingine. Wewe ni kijana mzuri, umekuja mwenyewe, wengine hawangekuja. Lakini nikikuona naanza kuhesabu zile wiki tatu. Na mimi mambo ya kuhesabu niko nayo mingi."

Gari lilipokuja alimsukuma apande, akageuka kabla halijaondoka, akarudi dukani kwa mume wake.